Kijana wangu anasubiri jibu la West Point, nami sijui niombe dua ipi

Shangazi, hujambo? Natumaini hii itakufikia ukiwa salama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mwenyeji wa Tanga, naishi Texas na mume wangu. Kifungua mimba wetu alikuja huku akiwa mdogo. Baba yake alipopata uraia, yeye alikuwa na miaka 15, tukamtolea pasipoti ya Marekani. Sasa anamaliza sekondari, na tangu mwaka jana anahangaika kuingia chuo cha kijeshi cha West Point, kule New York. Amefanya mitihani yote, amepimwa nguvu zote: kurusha mpira wa kikapu akiwa amepiga magoti, kujivuta kwenye chuma, mbio za kwenda na kurudi, pushapu, mbio za maili moja. Ameandika insha, ameitwa kwenye usaili. Januari ofisi ya mbunge wetu wa Congress ilipiga simu kusema amependekezwa. Siku hiyo tulipika pilau, tukapiga simu nyumbani, na shemeji yangu akawatangazia watu Tanga nzima kwamba mtoto wetu sasa ni ofisa wa jeshi la Marekani.

Shangazi, sasa ni katikati ya Aprili na hakuna jibu. Kwenye ukurasa wake wa maombi kila kitu kimekamilika isipokuwa afya. Alipokuwa na miaka 14 alikohoa sana, daktari akampa inhela na kuandika pumu kwenye faili. Hakuitumia tena baada ya hapo. Kijana aliyaeleza hayo kwenye fomu, na bodi ya afya ikamkataa. Baadaye wakasema suala lake liko chuoni, anaombewa msamaha wa kitabibu. Wakataka apimwe mapafu, akapimwa Februari. Tangu hapo kimya. Shemeji anasema tulijiharibia wenyewe, tungenyamaza nani angejua?

Mwezi Machi kijana mwingine wa jimbo letu la uchaguzi alipata barua ya kukubaliwa. Mwanangu aliingia chumbani, hakula siku hiyo. Akaniambia, "Mama, nafasi yetu imeshachukuliwa." Lakini kesho yake alfajiri alikuwa barabarani anakimbia kama kawaida.

Chuo kikuu cha jimbo kimemkubali kusoma uhandisi wa mitambo. Wanataka dola 300 za kushikilia nafasi kabla ya Mei 1, na hazirudi. Amekataa katakata. Anasema kulipa ni kujitabiria kushindwa. Baba yake anasema nimwache, ni mtu mzima. Mimi nimefikiria kulipa kimyakimya. Nimefikiria pia kupiga simu West Point mwenyewe, au ofisi ya seneta, niwaeleze kwamba inhela ile ilikuwa ya kikohozi tu.

Na liko jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Nikiswali, ulimi unaomba apate, moyo unaomba akose. Naogopa vita. Naogopa kupokea simu ambayo mama wa askari huipokea. Nikimwona anarudi kutoka mbioni, jasho linamtoka, najiona msaliti ndani ya nyumba yangu.

Nilipe? Nipige simu? Nimwambie, au ninyamaze mpaka jibu lije?

Mama wa Kifungua Mimba, Texas

SHANGAZI ANAJIBU

Dada yangu, sijambo. Pole kwa kusubiri. Kusubiri jibu la mtoto kuna uchungu wake, kwa sababu mkono wako haufiki mahali uamuzi unapofanyika.

Nikiisoma barua yako naona mambo mawili. La kwanza lina tarehe: Mei 1, dola 300, faili la afya, kijana asiyetaka kusikia habari ya chuo kingine. La pili halina tarehe, ni hofu yako. Umeyaandika kama jambo moja, nami nadhani ndiyo maana yanakuelemea. Niruhusu nianze na la kwanza, maana humo kuna mambo ambayo familia nyingi huyaelewa nusunusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayowanyima usingizi.

Kupendekezwa na mbunge si kukubaliwa. Kila mbunge wa Congress anaruhusiwa kuwa na kadeti, yaani wanafunzi wa uofisa, 5 tu West Point kwa wakati mmoja. Nafasi moja ikifunguka, anapeleka majina kadhaa ya kuigombania. Wabunge wengine humtaja mmoja kuwa wa kwanza. Wengine hupeleka majina yote sawa na kukiachia chuo kuwapanga kwa alama. Simu ile ya Januari ilikuwa ruhusa ya kuingia uwanjani, na kwa kijana wa sekondari hiyo ni heshima kubwa. Pilau yenu ilikuwa ya haki. Ila shemeji aelezwe kwa upole kwamba uofisa huja baada ya miaka minne ya masomo, na cheo cha kuanzia ni luteni usu.

Sasa yule kijana wa pili. Mwanao anasema nafasi yenu imechukuliwa. Ya mbunge, yaelekea ndiyo. Lakini mlango hauishii hapo. Waliopendekezwa, wakatimiza masharti ya masomo, nguvu na afya, kisha wakakosa nafasi ya jimbo lao, huingia kwenye orodha ya taifa. Sheria inakiruhusu chuo kuchukua zaidi ya 100 kutoka humo kwa kufuata alama, kisha kuongeza wengine mpaka darasa lijae, na darasa la mwaka mmoja huwa na watu kama 1,200. Nafasi hizi hutoka kwa mafungu, nyingine huchelewa mpaka Mei, pale waliokubaliwa wanapochagua kwenda kwingine. Kwa hiyo kimya cha katikati ya Aprili si jibu. Wala si ahadi, na hilo lazima niliseme pia, maana wengi wa walio kwenye orodha hiyo hatimaye hupata barua ya kukosa.

Uzito wote uko kwenye yale maneno "wakatimiza masharti". Mtu ambaye afya yake bado haijapitishwa hawezi kupewa nafasi, hata alama zake ziwe za juu namna gani. Ndiyo maana mimi ningelitazama faili la mapafu kabla ya kitu kingine chochote.

Bodi iliyomkataa, DoDMERB, ni ya Wizara ya Ulinzi, na kazi yake ni moja: kulinganisha faili na kanuni. Kanuni inasema pumu iliyoandikwa baada ya kutimiza miaka 13 inamwondoa mtu. Mwanao alikuwa na 14, basi hawakuwa na la kufanya. Bodi haitoi msamaha. Msamaha hutolewa na chuo chenyewe, kupitia daktari wake, ambaye anaweza kutaka kipimo cha kupuliza, na mara nyingine kipimo kinachofanywa kwa dawa ya kuichokoza njia ya hewa ili ionekane kama inabana. Mahali ambapo mambo haya hukwama panajulikana. Kliniki hutuma matokeo bila namba ya faili. Au hutuma barua ya daktari bila grafu za kipimo. Au daktari anaandika "historia ya pumu" kwa mazoea, wakati alitakiwa kueleza kwamba ilikuwa ni kikohozi cha maambukizi, dawa ilitolewa mara moja, na haikuandikwa tena. Barua ya namna hiyo, ikiambatana na rekodi ya duka la dawa inayoonyesha kwamba inhela haikuchukuliwa tena, ina nguvu kuliko maelezo ya mzazi kwenye simu.

Nani apige simu, basi? Umesema unataka kuwaeleza mwenyewe. Jiulize kwanza watasikia nini upande wa pili. Wanatafuta kijana atakayeongoza askari, na anayeuliza habari zake ni mama yake. Sisemi watamhukumu kwa hilo, lakini hata ofisa mwenye moyo mzuri hana ruhusa ya kukufungulia faili la mtu mzima. Akiuliza yeye, kwa barua pepe moja yenye adabu kwa ofisa wa udahili anayesimamia kanda yenu, ni jambo la kawaida kabisa: je, faili langu la msamaha limekamilika, au kuna hati inayosubiriwa? Aandike jina lake kamili na namba ya mwombaji, basi. Asiulize "nitapata?" kwa kuwa hakuna wa kumjibu hilo. Na asiandike kila siku.

Ofisi ya mbunge au ya seneta inaweza kuuliza faili limefikia wapi. Haiwezi kubadilisha uamuzi. Ila ina faida moja ambayo watu huisahau: mara nyingi habari njema hupitia kwao, wao ndio hupiga simu kabla ya barua kuonekana. Kwa hiyo mwanao apokee namba asizozijua, na kisanduku chake cha ujumbe wa sauti kisiwe kimejaa.

Kuhusu maneno ya shemeji, najua anasema kwa mapenzi. Lakini ile fomu ya afya mtu huitia saini kuwa ni kweli, na rekodi za dawa na bima hazifi. Kanuni ya heshima ya West Point inasema kadeti hatasema uongo, hatadanganya, hataiba, wala hatawavumilia wafanyao hivyo. Anayeingia kwa kuficha anaweza kuondolewa akiwa ndani, mwaka wa pili au wa tatu, akiwa na aibu ya kubeba maisha yake yote. Kijana wako alisema kweli akijua inaweza kumgharimu. Sijui kama kuna mtu nyumbani amempongeza kwa hilo.

Twende kwenye dola 300. Yeye anaona kulipa ni kujitabiria kushindwa. Ningemwuliza taratibu: kwenye ule usaili, hawakukuuliza utafanya nini ukikosa? Kamati nyingi za usaili huuliza swali hilo, na wanaotaka kulisikia jibu lenye mpango ni wanajeshi wenyewe au watu wanaofanya kazi nao. West Point haimpunguzii mtu alama kwa kushika nafasi chuo kingine. Pengine kinachomuuma si pesa. Pengine ni kule kuandika jina lake kwenye bweni la mahali pengine, na hapo hoja za hesabu hazimfikii.

Wewe nawe, kulipa kwa siri nakuelewa, lakini kuna ugumu wa kazi na ugumu wa moyo. Wa kazi: malipo hufanywa kupitia akaunti yake, kwa kukubali masharti kwa jina lake. Wa moyo: akigundua wakati bado anasubiri, atasoma kwamba mama yake hakumwamini, na ukizingatia ile dua yako, huenda ukashindwa kulikanusha hilo.

Njia ziko kadhaa na kila moja ina bei yake. Anaweza kulipa mwenyewe, na West Point wakiita, zile 300 zimepotea. Anaweza kukiandikia chuo cha jimbo kabla ya Mei 1, aeleze kwamba anasubiri jibu la chuo cha kijeshi na kuomba muda. Baadhi ya vyuo hukubali, baadhi hukataa, na hata wanaokubali wanaweza wasimshikilie bweni wala msaada wa fedha. Kwa hiyo majibu yawe ya maandishi, na aulize kuhusu vyote vitatu: nafasi, bweni, msaada. Au anaweza kuiacha tarehe ipite. Hapo, jibu likiwa hapana, itabidi atafute chuo ambacho bado kinapokea watu, au akae mwaka. Hilo nalo ni chaguo, mradi alichague akiwa anajua bei yake. Asilipe vyuo viwili vya kawaida kwa pamoja. Hilo vyuo havilipendi. Kulipa kimoja huku uko kwenye orodha ya kusubiri kwingine kunakubalika.

Pengine angependa kujua kwamba chuo cha jimbo si lazima kiwe mwisho wa safari yake. Kama pale kuna ROTC, yaani mafunzo ya maofisa ndani ya vyuo vya kiraia, anaweza kujiunga mwaka wa kwanza bila mkataba wowote, kisha kugombea ufadhili akiwa chuoni. Anayemaliza anatoka na cheo kilekile cha luteni usu. Msamaha wa afya huko huamuliwa na ofisi nyingine, hivyo anayekataliwa upande mmoja anaweza kukubaliwa upande wa pili. Anaweza pia kuomba West Point tena mwakani, kwa pendekezo jipya, na mkuu wa kikosi cha ROTC naye anaweza kumpendekeza. Akiingia, ataanza mwaka wa kwanza hata kama ameshasoma uhandisi mwaka mzima. Wengine huona huo ni mwaka uliopotea, wengine huona umewakomaza. Iko pia shule ya maandalizi ya West Point yenyewe, ambayo haina fomu yake: chuo humteua mtu kutoka miongoni mwa walioomba. Ikija barua ya namna hiyo, msiidhanie kuwa ni ya kukataliwa.

(Kwa wazazi wengine wanaotusoma: suala la uraia la dada huyu lilikaa sawa kwa sababu mtoto mwenye ukaazi wa kudumu, aliye chini ya miaka 18 na anayeishi na mzazi aliyepata uraia, huwa raia kwa nguvu ya sheria, pasipoti ni ushahidi tu. Aliyevuka 18 lazima aombe mwenyewe, na akamilishe kabla ya siku ya kuingia chuoni. Na walioko Dar au Mombasa, kadeti wa kigeni hupelekwa na serikali zao, si kwa maombi binafsi.)

Sasa hofu yako, dada yangu. Sioni msaliti humo. Naona mama anayejua kijana wake anaomba kitu gani. Lakini nikuulize: moyo unapoomba akose, unaomba akose nini? West Point ni chuo. Unachokiogopa ni vita, na vita viko kwenye jeshi. Kijana anayekimbia alfajiri siku moja baada ya kuvunjika moyo anaweza kukataliwa na chuo hiki akaingia jeshini kwa ROTC, au kwa kujiandikisha askari wa kawaida akiwa na miaka 18, bila saini yako. Barua ya kukataliwa inaweza kumwumiza yeye na isikuponye wewe. Ndiyo maana nadhani hofu hii inastahili mazungumzo yake yenyewe, isingoje posta.

Yako mambo ya kweli ya kuyaweka mezani mkizungumza. Akiingia, anaweza kuondoka bila deni la utumishi mpaka anapoanza mwaka wa tatu. Kuanzia hapo anadaiwa. Akihitimu, ni miaka 5 ya utumishi kamili na 3 katika jeshi la akiba. Si kila ofisa ni wa mstari wa mbele. Kuna uhandisi, mawasiliano, usafirishaji, lakini mgawanyo hufuata alama zake na mahitaji ya jeshi, kwa hiyo hakuna awezaye kukuahidi atapelekwa wapi. Mwulize kama ameyasoma haya, na anayaonaje. Inawezekana amekwishayafikiria kuliko unavyodhani. Inawezekana pia hajayafikiria, akifurahi kwamba kuna mtu aliyemwuliza.

Kumwambia sasa kuna hatari: atabeba hofu yako pamoja na kusubiri kwake, na jibu likiwa hapana anaweza kuiona dua yako ndani yake. Kungoja nako kuna hatari. Jibu la ndiyo likija Mei, ataripoti karibu na mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai, nyumba itajaa chanjo, fomu na viatu vya kuzoeza miguu, na siku yenyewe mzazi hupewa muda mfupi sana wa kuaga. Wiki zinazofuata ni za mazoezi, simu haziko mikononi mwao, mawasiliano mengi ni ya barua. Njia ya kati ni kuanza na baba yake. Umesema hajui. Huenda ule mkazo wa "mwache, ni mtu mzima" nao una hofu chini yake.

Na ukimwambia kijana, unaweza kumwambia yote mawili kwa sababu yote ni kweli: kwamba unaogopa, na kwamba unaona fahari namna alivyosema ukweli kwenye ile fomu. Usitafute maneno ya kumfanya abadilike. Mpe nafasi naye akuulize, hata likiwa swali gumu.

Hayo yachukue muda wake. Barua ya chuo cha jimbo, kama ataamua kuomba muda, ni vizuri iende wiki hii, maana ofisi hizo hufurika siku za mwisho za Aprili, na anahitaji kuwa na jibu lao mkononi kabla tarehe haijafika.